Njia ya Kurudi Ilikuwa Tupu

Waliomwita Mama Geti hawakumtania. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye mlango wa chuma wa kiwanja cha mpira, upande wa jukwaa la bei ya chini, ambako watu huja wamekasirika kabla mchezo haujaanza. Alishapigwa kiwiko cha jicho. Alishakanyagwa kidole gumba mpaka ukucha ukahama nyumba. Alishatukanwa matusi ambayo mengine ilibidi aulize maana yake kwanza ndipo akasirike. Na katika kuvimba kote huko na kupona, alijifunza jambo ambalo hata wenye vyeti ukutani hawalijui: umati hauna masikio. Una miguu na una tumbo. Aliye nyuma hajui linalompata aliye mbele; anachojua yeye ni kwamba mbele kuna kitu kizuri, naye anacheleweshwa.

"Mtu mmoja ukimwambia rudi, atarudi," alizoea kuwaambia wafanyakazi wapya. "Watu elfu ukiwaambia rudini, umeongea na ukuta, tena ukuta unaotembea. Kwa hiyo wazuie kabla hawajawa elfu. Na usimwingize mtu mpaka umeona mtu anatoka. Huoni anayetoka? Funga. Hata awe mkwe wako."

Mkwe wake alimjua vizuri, maana mwaka huo walikwenda Hija pamoja. Mama mkwe alikuwa na mwili wa kijiti na ulimi wa shoka. Alikuwa amevuka miaka sabini na mitano na hakuwa tayari kuambiwa na mtu yeyote kwamba amechoka. Katikati ya wanawake hao wawili alitembea mwana wa mmoja na mume wa mwingine, fundi nondo wa majengo ya ghorofa, mwanamume wa maneno machache. Watu husema alizaliwa mpole. Si kweli, alikosa nafasi ya kusema.

Kundi lao lilikuwa la watu arobaini na watatu, na kiongozi wao alikuwa Mwalimu, aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu nusu ya mji wao na kuichapa nusu iliyobaki. Mtu mwema. Ila akiona sare, magoti yake yalipiga saluti yenyewe.

Hema lao lilikuwa la mwisho kabisa kambini, ubavuni mwa vyoo, mahali ambapo hata nzi walipumua kwa mdomo. Katika mahema ya mbele, yenye mashine za kupoza hewa, walikaa wenye ngozi nyeupe na wenye ngozi ya maji ya kunde. Kadiri ulivyorudi nyuma, ndivyo ngozi zilivyozidi kuiva, mpaka ukafika kwa Mama Geti na wenzake.

"Wametupanga kama mkate kwenye tanuri," alisema siku ya kwanza, akitandika godoro. "Walioungua, nyuma."

"Nyamaza, tumekuja kuabudu," Mama mkwe akamkaripia.

"Naabudu, Mama. Lakini Mungu kanipa na macho, na sikumbuki aliniambia niyaache nyumbani."

Wanaume wote walivaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, tajiri na maskini, ili pasiwe na wa juu wala wa chini. Jambo hilo lilimtoa Mama Geti machozi kweli kweli alipoliona. Kisha akaenda kwenye bomba la maji, na mwanamke mmoja wa mahema ya mbele, bila salamu, akamwekea mikononi furushi la nguo chafu. Alidhani ni mtumishi wa kambi. Mama Geti akalipokea, akalifungua, akazikagua nguo moja moja, akamrudishia.

"Hazijachafuka vya kutosha," alisema. "Zivae tena kidogo."

Yule mwanamke hakuelewa. Akamgeukia Mkalimani aliyekuwa akipita, na Mkalimani akasema neno fupi la upole, akaondoka upesi.

Mkalimani huyo alipewa makundi yote yanayozungumza Kiswahili. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mweusi kumshinda hata fundi nondo, na mzaliwa wa hapo hapo. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyekuja Hija zamani, akaugua, akabaki, akaolewa. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi huyo, kisafi na cha kizamani kidogo, kama nguo ya sandukuni. Vizazi vitatu vimeishi katika mji ule, lakini bado kila akiingia ofisi ngeni huulizwa amefika lini. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kuishi. Alitafsiri kama mpishi wa hospitali: kila kitu alikipunguza chumvi.

Asubuhi ya siku ya kumi ya mwezi wa Hija, siku ya kuitupia mawe nguzo kubwa iliyo alama ya shetani, walitoka kambini na vijiwe vyao saba saba kwenye vifuko. Kwenye njia panda alisimama askari mwenye glovu nyeupe, akigawa watu kwa mkono. Kulia palikuwa na njia pana iliyoezekwa kivuli, ambako feni kubwa zilirusha manyunyu ya maji. Kushoto njia nyembamba, fensi ya chuma huku na huku, jua likimwagika ndani yake kama mafuta ya kukaangia. Sambamba na ile nyembamba, ng'ambo ya fensi, ilikuwapo njia ya kurudia.

Kadi za kundi lao zilikuwa na alama ya kijani, na kijani maana yake ilikuwa njia pana. Mwalimu alizinyanyua zote arobaini na tatu. Askari hakuzitazama. Alitazama nyuso. Kisha glovu ikaelekea kushoto.

Mama Geti alisimama pembeni akamwangalia akifanya kazi, kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake. Kundi la kwanza, weupe, kulia. La pili, weusi, kushoto. La tatu lilikuwa la mchanganyiko. Glovu ikasita hewani, ikahesabu nyuso, kisha kushoto.

"Muulize kwa nini," akamwambia Mkalimani. "Kadi zetu ni za kijani."

Mkalimani akauliza. Askari akajibu kwa maneno mengi, mikono ikikata hewa na mate yakiruka.

"Anawaomba mpite huku," Mkalimani alisema. "Mtafika upesi."

"Maneno yote yale na mate yote yale, ni 'anawaomba'?"

Mkalimani akatazama viatu vyake. "Dada yangu, nendeni tu. Siku itakwisha."

Wakaenda. Walipofika kwenye mdomo wa njia nyembamba, Mama Geti alifanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umekifanya kila Jumamosi kwa miaka ishirini na miwili. Hakutazama wanaoingia. Alitazama wanaotoka.

Ng'ambo ya fensi watu walikuwa wakirudi kutoka nguzoni, wamelowa jasho, wanacheka, wengine wanapeana mikono kama waliotoka mtihani. Kisha wakaanza kupungua. Akaja mmoja. Akaja mwingine, anachechemea. Kisha njia ya kurudi ikawa tupu. Palibaki kandambili moja katikati ya lami, imelala kifudifudi.

Akangoja. Huku upande wao makundi yalizidi kuingia, watu mia, mia mbili, labeka zao, ule wito wa mahujaji, zikipanda juu kwa pamoja. Ng'ambo, hakuna. Hata mbwa.

"Simameni," alisema.

Mwalimu akageuka. "Nini tena?"

"Wameingia makundi sita tangu tufike hapa. Hajatoka mtu. Huko mbele pamefungwa."

"Mama Geti, huu si mpira."

"Najua. Kwenye mpira mtu akifia mlangoni, mchezo husimamishwa."

Mwalimu akafuta jasho la upara. "Dada yangu, wakati bora ni huu, kabla ya adhuhuri. Watu wanangoja miaka kuupata wakati huu."

"Wakati bora, sawa. Na wakati unaofaa, mwisho lini? Wewe ndiye uliyetufundisha. Nataka jibu, wala sitaki kuchapwa."

"Mpaka jua lizame," Mwalimu alikiri, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo.

"Basi tuna mchana mzima. Kaeni chini."

Hakuna aliyekaa. Mfumaji mikeka mmoja, aliyekuja kwa niaba ya baba yake marehemu, alianza kulia kimya kimya. Mama mkwe alijipenyeza mpaka mbele, kifuko cha vijiwe kikining'inia mkononi.

"We mke wa mwanangu," alisema, "mimi nimekuja kumpiga mawe shetani. Nikizuiwa, nitaanza na aliye karibu."

"Nipige, Mama. Ila nipige ukiwa umekaa."

Ndipo fundi nondo akaketi. Alikunja miguu yake mirefu, akakaa juu ya lami ya moto, akakunja uso kidogo kwa sababu ya matako, akamtazama mke wake. Alikuwa amemwona akirudi nyumbani na jicho lililovimba jioni ambayo watu wanane walikanyagwa wakafa katika kiwanja kingine, mji mwingine. Kwenye mlango wa mke wake hakuna aliyekufa. Fundi huyo hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Mmoja akamfuata, kisha watano. Mama Geti akawapanga safu nne, bega kwa bega, wakaziba mdomo wa njia kama kizibo cha chupa. Kundi lililokuwa likija nyuma, weusi wa lugha nyingine kabisa, likasimama na kushangaa. Mama Geti akawaonyesha kwa kidole njia ya kurudi. Akaonyesha utupu wake. Akaweka viganja viwili pamoja, akavifinya. Mwanamke mmoja wa kundi lile akatazama, akaelewa, akawageukia wenzake akapaza sauti, nao wakakaa. Nyuma yao wengine. Waliokaa hawasukumani, hiyo ndiyo raha ya kukaa.

Glovu nyeupe ikaja mbio.

Askari alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawa kama kamba za hema. Alimpokonya Mwalimu kadi zote arobaini na tatu, akazitia mfukoni. Mkalimani alisimama katikati, anatweta.

"Anasema... anawasihi mnyanyuke..."

"Kaka," Mama Geti alisema. Hakupandisha sauti. "Mara hii moja tu, nipe na chumvi yake."

Mkalimani akaongea kwa sauti ambayo hata safu ya mwisho iliisikia.

"Anasema nyinyi ni watumwa msiojua hata kutembea. Anasema weusi husukuma kama ng'ombe, ndiyo maana mnapitishwa peke yenu, mkiumizana muumizane wenyewe. Anasema mkikaa hapa nguzo hamtaiona."

Hata mfumaji mikeka aliacha kulia. Mama mkwe alikuwa bado amesimama, peke yake kati ya wote. Alimtazama askari kuanzia viatu mpaka kofia, polepole, kama anayekagua nyanya sokoni.

"Mwambie," alisema, "kutembea nilimfundisha mwanangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Huyu naye angenifikia mapema, angetembea na adabu juu." Kisha akaketi, akavuta shuka akafunika magoti. "Sasa mimi hapa siondoki hata mniambie njia imetandikwa zulia."

Mkalimani aliitafsiri. Yote. Askari akainua mkono, na haijulikani alitaka kuufanyia nini, kwa maana wakati huo labeka ilikatika.

Haikupungua. Ilikatika. Sauti ya maelfu iliyokuwa ikitoka ndani ya njia nyembamba ilizimika kama taa, na mahali pake ukaja mlio wa chini, mrefu, usio na maneno. Mama Geti aliujua. Watu huacha kuimba pale wanapohitaji pumzi kwa kazi nyingine.

Alisimama juu ya ukingo wa saruji akatazama. Mbali kidogo, vichwa vilikuwa vikiyumba kwa pamoja, kushoto, kulia, kama maji ndani ya ndoo inayobebwa. Hakuna aliyekuwa akisukuma. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusukuma.

"Fensi imefungwa na nini?" akamuuliza mumewe.

Fundi nondo alikuwa ameshaishika. "Waya wetu," alisema. "Wa kufungia nondo."

"Basi fungua."

Vidole vile vilikuwa vimesokota waya huo miaka thelathini, juu ya ghorofa, katika mvua na jua. Kuusokotoa kilikuwa kitu kidogo. Alifungua kipande cha kwanza pale mdomoni, wakapita wanaume kumi kuingia katika njia ya kurudi, ile tupu, wakakimbia ndani yake wakiwa na fensi ubavuni, na ng'ambo ya fensi nyuso zilizobanwa kwenye vyuma.

"Anzeni na wa nyuma!" Mama Geti alipiga kelele akiwakimbilia. "Mkifungua mbele kwanza wataangukiana! Wa nyuma wakitoka, wa mbele watapumua!"

"Usivute waya," fundi aliwaambia wenzake, na hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote za mwaka huo. "Zungusha. Kinyume. Ukivuta unaukaza."

Kipande cha pili kikalegea. Cha tatu. Watu wakamwagika katika njia tupu, wakaanguka, wakainuliwa, wakavutwa kando. Wanawake wa kundi waliwapokea, wakawalaza ubavu, wakawamwagia maji. Mfumaji mikeka, yule aliyelia, alibeba mzee mgongoni kama furushi la kuni na kurudi kuchukua mwingine. Mwalimu alisahau sare zote za dunia. Alikuwa amepanda juu ya fensi, akivuta watu kwa kwapa, akiwahesabu kwa sauti. Askari mwenye glovu alisimama pale pale alipokuwa, ameshika redio, anaiambia kitu kile kile tena na tena, na redio haimjibu.

Walifungua vipande tisa. Walitoka mamia. Hawakutoka wote. Magari ya wagonjwa yalipofika, watu kumi na mmoja walikuwa wamelazwa chini ya kivuli chembamba cha fensi, wamefunikwa shuka zao wenyewe. Walikuwa wa nchi nyingi na wa rangi moja, na kila aliyetazama alijua sababu.

Mama mkwe alikaa karibu nao mpaka walipochukuliwa. Akawafukuzia nzi kwa ukingo wa shuka yake.

Alasiri, Afisa akaja hemani. Alikuwa mtu msafi, mpole, kalamu mbili mfukoni. Aliketi kwenye kiti alichobebewa, akatoa karatasi, akatoa kidau cha wino wa kutia dole gumba, na kando yake akapanga zile kadi arobaini na tatu, vizuri, kama karata. Kisha akasema jambo kwa sauti laini. Mkalimani aliisoma karatasi ile mara moja kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika.

"Soma," Mama Geti alisema.

"'Kundi la weusi wa hema la mwisho,'" Mkalimani alisoma, "'kwa ukaidi na kwa kutojua utaratibu, liliketi njiani na kuzuia mwendo, na hivyo kusababisha msongamano na vifo. Sisi tuliotia dole hapa chini tunakiri.' Anasema ni jambo la ofisini tu. Mkitia dole mnapewa kadi, mnakwenda nguzoni kabla ya magharibi. Msipotia, hakuna kadi."

Mama Geti akacheka. Hakupanga kucheka, kicheko kilimtoka kama kikohozi, kirefu, mpaka Afisa akaacha kutabasamu.

"Muulize," alisema akijifuta macho. "Sisi tulikaa nyuma yao. Mtu aliyekaa chini nyuma yako anakusukumaje? Kwa dua?"

Afisa akazinyoosha kadi, zikae sawa.

"Muulize na hili. Kwa nini njia ya kurudi ilikuwa tupu?"

Mkalimani hakuuliza. Alijibu mwenyewe, akimtazama Afisa usoni. "Lango la mbele lilifungwa. Mabasi ya wageni wa heshima yalikuwa yanapita. Nimeambiwa na dereva wao. Walifunga kutoka, wakasahau kufunga kuingia."

"Hawakusahau," Mama mkwe alisema kutoka kwenye godoro lake. "Waliokuwa wanaingia hawakuwa watu wa kukumbukwa."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka; mwanga wake ulikuwa umefika kwenye mguu wa kiti cha Afisa. Mwalimu alisogea karibu na Mama Geti, akanong'ona.

"Dada yangu, ni karatasi. Mungu anajua ukweli. Nguzo tukiikosa leo, watu hawa nitawaambia nini? Huyu kaja kwa ajili ya baba yake. Mama mkwe wako hana mwaka mwingine."

"Nani hana mwaka mwingine?" likaja jibu kutoka godoroni.

Mama Geti hakumkejeli Mwalimu. Jambo alilolisema lilikuwa la kweli, hata yeye alikuwa akiliwaza tangu adhuhuri. Aliwatazama wote arobaini na wawili. Walikuwa na mchubuko huyu, bandeji yule. Vidole vya mumewe vilikuwa vimechanika na waya kama vya mtu aliyechezea paka.

"Mungu anajua ukweli," alisema, "lakini Mungu hapangi askari. Wanaopanga askari husoma karatasi. Mwakani atakuja mwalimu mwingine na kadi za kijani, atauliza kwa nini watu wake wanapelekwa kushoto. Watafungua faili, watamwambia: tazama, hawa watu huua wenzao, wamekiri wenyewe, dole hili hapa. Dole langu! Mimi nizibe njia ile leo, halafu kesho niifungue kwa kidole gumba?"

Mfumaji mikeka ndiye aliyejibu.

"Baba yangu alikuwa akichukia uongo sana," alisema. "Akiniona na wino ule mkononi, hata hilo jiwe hatalipokea."

Mwalimu akaenda kwenye mfuko wake, akatoa daftari la hesabu ambalo hakuweza kusafiri bila kuwa nalo, akachana karatasi mbili za katikati, akaanza kuandika. Aliandika nakala mbili, kama aliyekuwa akisahihisha mtihani wa mtoto mtukutu: saa waliyofika, alama ya kijani, glovu ilielekea wapi, makundi mangapi yaliingia, njia ya kurudi ilikuwa tupu tangu saa ngapi. Alipomaliza, watu arobaini na watatu walitia sahihi, na wasiojua kuandika walichovya kidole kwenye wino wa Afisa mwenyewe, mbele ya macho yake, bila kumwomba. Karatasi moja wakamwachia juu ya magoti. Ya pili Mwalimu aliikunja akaitia kifuani.

Afisa akasema neno moja.

"Anasema kadi hazitoki," Mkalimani alisema.

"Azibariki alale nazo," Mama Geti alijibu. "Wawili wawili, jamani! Viwiko nje kidogo, kila mtu awe na nafasi ya kujikuna pua. Mama, wewe na mimi mbele."

Wakatoka. Mahema ya jirani, wale waliokaa nao asubuhi kwenye lami, waliwaona wakijipanga, nao wakajipanga nyuma yao, wawili wawili, lugha hii na ile, mpaka mstari ukapita vyoo, ukapita bomba la maji, ukapita mahema yenye hewa baridi, ambako watu walitoka nje kutazama.

Kwenye njia panda walisimama askari watatu. Wa katikati alikuwa yule wa glovu, ila glovu moja ilikuwa imepotea. Alimwita Mkalimani kwa kidole, akamwamuru jambo.

Mkalimani akavua beji ya kazi shingoni, akaikabidhi.

"Ananiambia niwaambie mrudi," alisema kwa Kiswahili, kisha akasema jambo lingine kwa lugha ya wenyeji, na kisha tena kwa Kiswahili ili wasipitwe. "Nimemwambia mimi leo nimemaliza kazi. Mdomo alio nao ni wake, aje awaambie mwenyewe. Halafu nimemwambia bibi yangu aliingia mji huu kwa njia pana." Akaingia kwenye mstari, kando ya mfumaji mikeka.

Mama Geti hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alikuwa ameshaiona milango mingi na alijua kwamba mlango wa watu una bawaba pia, hata kama haionekani. Askari hawakuwa na umati wa kutawanya. Mbele yao palikuwa na bibi kizee na mke wa mwanawe, na nyuma ya hao wawili wengine, na nyuma ya hao wengine, wametulia, vijiwe mkononi, hawakimbii, hawapigi kelele, hawana mwisho. Hatua kumi. Hatua tano. Askari wa kushoto akamtazama mwenzake, akasogeza mguu.

Ilikuwa nafasi ya mguu mmoja tu. Mama Geti alikuwa ameishi maisha yake yote katika nafasi za namna hiyo. Akapita, na mama mkwe wake akapita, na feni zikawarushia manyunyu usoni.

"Kumbe ni pazuri hivi," Mama mkwe alisema, akifumba macho. "Washenzi hawa."

"Mama, tuko ibadani."

"Nimewataja kwa jina tu."

Walifika nguzoni jua likiwa bado juu kidogo ya mlima, jekundu, halijazama. Kila mmoja akatupa vijiwe vyake saba, akitamka ukuu wa Mungu kwa kila kimoja. Mfumaji mikeka alivitupa vya baba yake taratibu mno, kana kwamba anapanda mbegu. Kijiwe cha tatu cha Mama mkwe hakikufika nguzoni. Akadai mkono haukuwa na kosa, nguzo ndiyo iliyosimama vibaya, akaokota kingine.

Mama Geti alipomaliza cha saba hakuondoka. Aligeuka akatazama nyuma. Mstari waliokuja nao ulikuwa umeanza kuchanganyika na watu wengine wa njia pana, weupe kwa weusi, wote wana haraka ya jua lile lile, na pale kwenye kona ya kutokea mabega yalikuwa yameanza kugusana. Akaenda akasimama pale. Akapanua mikono. Kwa kiganja cha kushoto akasimamisha, kwa cha kulia akapitisha: wanaotoka kwanza, wanaoingia baadaye, kumi, tena kumi. Hawakujua lugha yake. Walielewa kiganja. Yule mwanamke wa furushi la nguo naye alifika, akasimamishwa, akasimama.

Mtu mmoja mwenye kisibau cha wasimamizi akaja akihema, akasema kitu kwa ukali. Mkalimani, aliyekuwa akijifuta uso kando, hakuwa na kazi tena, lakini desturi ni desturi.

"Anauliza nani amekuweka hapa."

"Nimejiweka," Mama Geti alisema, na bila kumtazama akamsogeza yule mtu kando kwa bega, maana alikuwa amesimama kwenye njia ya wanaotoka.